Bunduki Gani?

Mwalimu aliandika maneno mawili tu kwa kalamu nyekundu, pembeni mwa insha ya mtoto wa kaka yangu: "Bunduki gani?" Akayapigia mstari mara mbili. Nilipofika kwao jioni ile, daftari lilikuwa limeachwa wazi juu ya baraza ya daka, na mama yake kijana ameketi upande wa pili, mikono mapajani, halitazami.

Insha ilikuwa ya Kiswahili, kidato cha pili, kuhusu mtu unayemstahi. Kijana alimwandika ami yangu, ambaye kwake ni babu: mvuvi tangu ujana wake, mwenye kishamba cha minazi alichorithi, ambacho madalali wamekikodolea macho miaka na miaka. Aliandika vizuri, naapa. Alieleza jinsi mzee anavyofunga ndoana gizani kwa kupapasa, bila taa wala miwani. Halafu ikaja sentensi yenyewe: "Madalali walikuja mara tatu, lakini Babu alishikilia bunduki zake mpaka wakaondoka."

Isome polepole, kama atakavyoisoma mtu asiyetujua. Mzee wa Lamu, ugomvi wa shamba, bunduki zaidi ya moja, na wageni wanaotimuliwa.

"Lakini shangazi," kijana akaniambia, sauti imemkauka, "hayo si tumefundishwa? Mwalimu wa Kiingereza alisema mtu akiwa 'sticks to his guns', maana yake hageuzi neno lake. Nikaona niitie kwa Kiswahili, insha ipate ladha."

Mama yake alikuwa na neno moja tu. "Ifute. Ifute sasa hivi, kabla ya isha."

Hakuna aliyecheka, na sitaki msomaji wa mbali acheke. Mwezi wa Juni mwaka 2014 watu waliuawa kwa makumi Mpeketoni, upande wa bara wa kaunti yetu. Mwezi uliofuata tukawekewa kafyu. Kisiwani kwetu, mahali ambapo watu walizoea kukaa barazani hadi usiku wa manane, milango ikawa inafungwa mapema na vichochoro vinabaki na paka peke yao. Wavuvi wa usiku ndio walioumia zaidi. Samaki hangoji alfajiri ili umfuate kwa ruhusa. Ami yangu aliitundika mishipi yake kwenye msumari nyuma ya mlango, na ilikaa hapo hadi kutu ya ndoana ikachora mstari ukutani. Mstari ule bado upo. Katika nyumba kama hiyo, neno bunduki halitamkwi kwa kuremba usemi.

Basi tukakaa, mimi na kijana, taa katikati yetu. Nimefanya kazi ya kufasiri kwa muda mrefu, hutafsiri barua, mikataba, vitabu vidogo vya watalii, na maneno ya namna hii yameninyima usingizi zaidi ya mara moja. Nilimwambia asifute kwanza. Nilitaka ajue alichokiokota.

Nikamwomba afikirie merikebu ya vita ya zamani, ya matanga, pande zake mbili zimejaa mizinga. Mzinga mmoja ulikuwa na watu wake. Kuna wa kusukutua mtutu kwa sponji yenye maji ili cheche zilizobaki zisiwashe baruti mpya. Kuna wa kutia baruti, kuna wa kushindilia, kuna wa kulenga. Kila ulipolia, mzinga uliruka nyuma kwa kishindo cha kuvunja mguu, na watu walewale wakaurudisha mbele kwa kamba na kapi. Kijana kapi anazijua. Amekulia gatini. Katikati ya moshi huo, risasi za adui zinapasua mbao na vipande vya mbao ndivyo vinavyokata watu, baharia alipimwa kwa jambo moja: amebaki penye mzinga wake au amekimbia? Usemi wa Waingereza umetoka kwenye mazingira ya aina hiyo, kwa watu wanaobaki mahali pao ili wenzao wasiachwe peke yao. Ukiutoa huko ukamvisha mzee mwenye minazi sita mbele ya dalali, umempa silaha ambayo hajawahi kuishika.

Kijana akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Na hilo neno lao 'gun', lenyewe limetoka wapi?"

Hapo ndipo nilipofurahi, kwa sababu jibu lake ni la ajabu. Limetoka kwa mwanamke. Katika orodha ya silaha za ngome ya Windsor, Uingereza, ya mwaka 1330 na 1331, iliyoandikwa kwa Kilatini, kuna mtambo mkubwa wa kurushia, wa pembe, uliopewa jina la Domina Gunilda, yaani Bibi Gunilda. Gunilda ni jina la kike la watu wa kaskazini ya Ulaya, na sehemu zake zote mbili zina maana ya vita. Vita juu ya vita. Askari walikuwa wakiipa mitambo yao majina ya wanawake, na jina hili likafupishwa, likazoeleka, likaishia kuitwa kila kitu chenye mtutu na baruti. Na tabia yenyewe haikuisha. Ngome ya Edinburgh huko Scotland hadi leo wana mzinga wa mwaka 1449, wa uzito wa zaidi ya tani sita, unaoitwa Mons Meg. Meg ni kifupisho cha Margaret.

"Kama sisi na mashua," kijana akasema.

Nilimwambia ndiyo, kwa upande wa jina. Sisi nasi chombo hukipa jina na kukisema kama mtu: leo amekataa tanga, leo ana hasira. Lakini chombo kinakwenda kurudisha watu nyumbani, na mimi binafsi sijaona raha kwamba silaha ya kubomolea kuta za watu ilibatizwa jina la mama wa mtu. Kijana aliniangalia tu. Ana miaka kumi na mitano. Hilo litamjia baadaye.

Sasa geuza uso, utazame lugha yetu ilifanya nini kitu kilekile kilipoletwa pwani hii.

Walikiona mapema. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, na katika kumbukumbu za safari ile imeandikwa kwamba mfalme wa Malindi alizizunguka merikebu za Wareno akafurahishwa na mizinga waliyompigia. Mizinga ya heshima, ya moshi na mshindo tu. Mombasa na miji mingine ilikuja kuionja ile ya kweli miaka michache baadaye, na mwaka 1505 Mombasa ikatekwa na kuchomwa.

Watu wetu wakakitazama kile kitu kizito kirefu, tupu ndani, mdomo wazi, wakakiita kwa jina la kitu walichokuwa nacho tangu zamani mitini: mzinga. Gogo lililochongwa likatobolewa ndani, likatundikwa juu ya mti, nyuki waingie. Neno lenyewe ni ndugu wa kuzinga, kwenda mviringo, na ndugu wa kuzingira na mazingira. Mtu aliyekuwa wa kwanza kuita mzinga wa chuma mzinga, simjui na hatajulikana, lakini nampenda. Alikabiliwa na chombo cha kutisha kuliko vyote alivyopata kuviona, na mawazo yake yakaenda kwenye asali.

Mbele ya jumba la makumbusho, pwani, kuna mizinga ya chuma iliyoelekezwa baharini. Udogoni tuliipanda kama punda. Chuma kilikuwa cha moto hadi tukalazimika kukalia kanga tulizoiba nyumbani, na mdomoni mwake tulitia mikono tukatoa mchanga na maganda ya njugu. Bibi yangu, akipita, hakuwa akitukaripia kwa sababu ya hatari. Alikuwa akisema, "Huo mzinga hauna kitu. Mzinga ni wa Waboni." Sikumwelewa mpaka nilipokua. Watu anaowasema, ambao wenyewe hujiita Waaweer, wanaishi upande wa bara, msituni na kandokando yake, na hakuna wanaojua asali kuwashinda. Hupiga mluzi kumwita ndege wa asali, ndege naye huwajibu na kuwaongoza hadi penye nyuki. Asali ya Lamu, ile nyeusi nzito ya chupa isiyo na kibandiko, mara nyingi ilikuwa imetoka mikononi mwao.

Na hili linanikaa kooni kila nikilifikiria. Mwaka 2015 ilianza operesheni ya usalama katika msitu wa Boni, na watu wa mizinga ya asali wakazuiwa na hofu, na vikwazo, na milio, wasiingie kwenye msitu uliowalea. Lugha yetu ilikuwa imeyaweka mambo mawili katika neno moja kwa karne nyingi bila kugombana. Kisha moja likaja likalifukuza lingine msituni.

Nairobi, nasikia, vijana wameupeleka mzinga kwingine kabisa: kumpiga mtu mzinga ni kumwomba pesa, na mzinga wa dukani ni chupa kubwa ya pombe. Hayo nawaachia wenyewe.

Bunduki nayo ina hadithi ndogo. Imetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake, bunduq, ni tunda la kokwa, aina ya njugu yenye ganda gumu ya nchi za kaskazini. Wanaofuatilia maneno hulirudisha nyuma hadi kwa Wagiriki, waliokuwa wakisema kokwa ya Ponto, yaani ya pwani ya Bahari Nyeusi. Kutoka kokwa jina likahamia kwenye vidonge vya udongo na mawe vilivyorushwa kwa upinde kuwinda ndege, kwa kuwa vilifanana nazo, na baruti ilipokuja, likahamia kwenye silaha yenyewe. Kwa hiyo Mwingereza anapotaja silaha yake ametaja, bila kujua, mwanamke mwenye vita viwili kwenye jina. Mswahili ametaja asali, au njugu.

Tukapita kwenye semi nyingine za Kiingereza, kwa sababu kijana alizikariri nyingi kwa ajili ya mtihani na nilitaka azikute nyumbani kwao. Nyingine hazina kina. Ile ya kuruka kabla ya bunduki ni ya mbio za miguu tu: mwanariadha ametoka kabla bastola ya kuanzishia haijalia. Ukitaka kumwonya mtu wa namna hiyo kwa Kiswahili, haraka haraka haina baraka inamtosha.

Ile ya bunduki inayofuka moshi ina mambo zaidi. Ni ushahidi usiokataliwa: umeingia chumbani, mtu yuko chini, na mwingine amesimama na silaha ambayo bado inatoa moshi. Usemi huu ulienea zaidi Marekani mwaka 1974, ulipotolewa mkanda wa sauti wa Rais Nixon akizungumza jinsi ya kuzuia uchunguzi wa Watergate, kashfa ya kuvunjwa kwa ofisi za chama pinzani. Mkanda ulitolewa tarehe 5 Agosti, na tarehe 9 alikuwa amejiuzulu. Nilimwuliza kijana sisi tunasemaje. Akafikiri, akajibu vizuri kuliko nilivyotarajia: "Mshikwa na ngozi ndiye mwizi." Ng'ombe ameshaliwa, mifupa imezikwa, kilichobaki ni ngozi, na ngozi iko kwako. Hakuna moshi, hakuna damu ya mtu. Ukiniuliza mimi, ni bora kuliko ya kwao, maana moshi hutoweka kwa upepo na ngozi haina pa kwenda.

Na ile nyingine, ya cheche iliyowaka kwenye kisahani. Hii inahitaji ujue bunduki ya zamani, ambayo babu zetu waliiita bunduki ya gumegume. Gumegume ni lile jiwe la kutoa cheche. Ubavuni mwa bunduki palikuwa na kisahani kidogo cha baruti. Ukivuta kiwashio, jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia kisahani, baruti ile kidogo inawaka, na moto unapaswa kupenya kitundu kuingia ndani kwenye baruti kubwa. Mara nyingine haukupenya. Kukawa na mwako mkali, moshi usoni mwa mpigaji, na risasi imekaa palepale. Mwingereza akachukua tukio hilo akamwitia mtu anayeanza kwa kishindo akaishia hapo. Sisi siku hizi tunasema nguvu za soda.

Lakini kumbuka wanawake wetu wanavyosema. Mume gumegume. Kijana alilijua tusi, hakujua jiwe. Alidhani ni sauti tu, kama gubegube. Nikamwambia hapana, ni bunduki ileile, jiwe lilelile. Mwanamume ana umbo, ana sauti, anagonga, anatoa cheche, na nyumba haina unga. Sina ushahidi wa kuleta mahakamani kwamba tusi lilipita njia hiyo hatua kwa hatua, lakini kamusi zinaweka maana zote mbili chini ya neno moja, na mwenye kuwahi kuishi na mume wa namna hiyo haihitaji kamusi. Mama yake kijana, aliyekuwa amenyamaza tangu magharibi, hapo ndipo alipoinua uso. Alisema, "Kumbe na hilo?" Akajongea karibu na taa.

Kuna neno moja la Kiingereza nililikuta Matondoni, kwenye kijiji cha mafundi wa vyombo, nilipokuwa nikimfasiria mgeni aliyetaka kujua kila sehemu ya jahazi. Aligusa ukingo wa juu wa ubavu, pale unapoweka kiwiko ukitazama maji, akautaja, na ndani ya neno lile la kwao mna bunduki: "gunwale", ingawa wanalitamka kana kwamba nusu ya herufi zimezama. Zamani ukingo huo ndio uliobeba silaha za merikebu. Fundi akaniuliza mgeni anasema nini. Nikamweleza. Akaupitisha mkono juu ya mbao, alikuwa ametoka kuupiga randa na vumbi lake lilikuwa bado jeupe, akasema hapa huwekwa mshipi na mkono wa mtoto. Sikulifasiri lile kwa mgeni vizuri, na limenisumbua tangu siku hiyo, kwa hiyo naliandika hapa.

Na kabla kijana hajaanza kuona bunduki kila mahali, nilimtahadharisha na "gunny", gunia. Haina udugu wowote na silaha. Ni neno la Kihindi, na limekuja kwetu kwa njia yake lenyewe pamoja na mchele.

Usiku ulikuwa umekwenda. Kijana akachukua kalamu. Aliandika kwanza "alishikilia msimamo wake", akaikata, akasema ni maneno ya bungeni. Akaandika "alisimama kidete", akaikubali nusu nusu. Nikamwuliza, Babu alifanya nini hasa madalali walipokuja? Wewe ulikuwepo. Akasema Babu hakusimama. Alikuwa ameketi akiyeyusha risasi, na aliendelea kuyeyusha.

Basi andika hivyo, nikamwambia.

Siku ya pili tulikwenda pamoja kwa ami, ili kijana aangalie tena na asikosee. Tulimkuta nyuma ya nyumba. Kijana akamwamkia, mzee akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kwa kuwa kazi ile haitaki ugeuze macho. Risasi, kwetu, ni madini kabla haijawa kitu cha kutia kwenye bunduki. Waarabu walituletea neno kwa maana hiyohiyo. Ami huichukua kwenye mabaki, vipande vya mabomba ya zamani na chubwi, vile vizito vya mshipi, zilizoharibika, akaviweka kwenye kikaango kisicho na mpini, juu ya makaa. Alikuwa amekaa upande unakotoka upepo na kutuamuru nasi tukae huko, kwa sababu moshi wake ni sumu. Vipande vililegea, vikainama kama mtu anayesinzia, halafu ghafla pakawa na maji ya fedha, na juu yake ngozi ya kijivu aliyoiondoa kwa kijiko kirefu.

Mchanga alikuwa ameuanika juani tangu asubuhi. Ukiwa na unyevu hata kidogo, alisema, risasi itaruka ikutoboe jicho. Alitoboa mashimo kwa kidole, moja baada ya jingine, kina cha pingili mbili, akachomeka msumari katikati ya kila shimo ili kibaki kitundu cha uzi. Akamimina. Kila shimo lilitoa sauti fupi, kama mtu anayenyamazisha mtoto.

"Walikuja na karatasi," alisema baadaye, kijana alipomwuliza juu ya madalali. "Wakasoma. Nikawaambia ngojeni hizi zipoe." Akachukua chubwi moja kwa koleo, akaigeuza, akaona ina pengo upande mmoja, akairudisha kikaangoni. "Hawakungoja."

Kijana aliandika neno hilo kwenye kiganja chake, maana daftari alilisahau. Ami akafukua zilizopoa, akazihesabu juu ya kipande cha mkeka, saba, akavuta msumari kutoka kila moja, na ya mwisho, ambayo ilikuwa bado na joto, akaiweka kwenye mkono wa kijana aone uzito wake.